Uchungu wa toniki ni wetu

Mheshimiwa Mhariri,

Samaki wadogo wa sambaza niliowanunua sokoni Nyawera Jumanne walifungwa ndani ya gazeti lenu la wiki mbili zilizopita, ndiyo maana barua hii imechelewa. Nilipoukunjua ule ukurasa wa starehe juu ya meza ya jikoni, nikakuta habari za maji ya toniki ambayo vijana wanayachanganya na jini katika baa za kando ya ziwa. Mwandishi wenu anasema mambo mawili: kwamba toniki ni kinywaji cha Wazungu ambacho sisi tunakiiga tu, na kwamba anayekinywa jioni hapatwi na malaria. Samaki nimewakaanga. Ukurasa nimeukausha na kuutunza, kwa sababu yote mawili si kweli, na lile la kwanza ndilo lililoniuma zaidi.

Mimi ni mama wa miaka 63. Nilifundisha kemia katika shule za sekondari za hapa Bukavu kwa miaka 34, sasa nimestaafu. Marehemu baba yangu alikuwa kapita, yaani msimamizi, katika shamba la kenkina upande wa Kabare; kenkina ni mti ambao ganda lake hutoa kwinini, ile dawa chungu ya malaria iliyomo katika toniki. Lakini ushahidi wangu nautoa mahali ambapo hamkupatarajia: Barcelona, kwenye meza ya kuonja jini.

Mwaka 2023 binti yangu aliyeolewa huko alinitumia tikiti nikamwone mjukuu. Nilipokuwa bado nafunga mizigo akanipigia: "Mama, mukwe wako amekulipia nafasi, Ijumaa tunakupeleka kuonja jini." Mimi ni mtu wa kanisa. Nikamwambia jini waonje wao, mimi nitawasubiri na rozari yangu. Alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akaeleza kuwa ni pombe tu, ile ya chupa, na kwamba kuna mtu anayewaongoza watu kuinusa na kuinywa kidogo kidogo huku akiwasimulia habari zake, kama vile padre anavyoeleza picha za njia ya msalaba.

Mkwe alilipa lakini hakuja. Kwetu Bushi mama mkwe hashiki glasi mbele ya mkwe wake, na kijana yule, ingawa amezaliwa Ulaya, alilijua hilo bila kuambiwa. Akampeleka mtoto bustanini. Namheshimu sana kwa hilo.

Mahali penyewe palikuwa chini ya ardhi, katika mtaa wa Gràcia, ngazi kama kumi na nne kwenda chini. Tulikuwa watu kumi na mmoja, na maelezo yalitolewa kwa Kifaransa. Ilikuwa siku ya kuamkia sikukuu ya Mtakatifu Yohana, na huko watu huisherehekea kwa moto na fataki. Kila mlio uliposikika barabarani, mimi niliinamia meza na binti yangu akanishika goti. Wale wengine walicheka kwa furaha ya sikukuu. Mtu wa Bukavu akisikia mlio wa namna ile haangalii juu, anatafuta sakafu.

Kila mtu alikuwa na glasi tatu ndogo zenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Mwongozaji, kijana mpole mwenye aproni nyeusi, alitukataza kuzamisha pua ndani ya glasi. Mvuke wa alkoholi unaichoma pua na baada ya hapo hunusi tena kitu. Unaiweka glasi chini ya kidevu, unafungua mdomo kidogo, unavuta taratibu. Hilo nililipenda. Kwa miaka 34 nilikuwa nawafokea wanafunzi wasinuse chupa za maabara moja kwa moja, wapunge mvuke kwa mkono.

Glasi ya kwanza ilikuwa jini ya Mahón, mji wa bandari katika kisiwa cha Menorca. Waingereza walikishika kisiwa hicho kwa vipindi kati ya 1708 na 1802, na mabaharia wao walitaka pombe ya kwao. Wenyeji hawakuwa na nafaka za kutosha lakini divai walikuwa nayo, basi wakakeneka divai na kuitia matunda ya mreteni, yale ambayo Wafaransa wanayaita genièvre. Mpaka leo kiwanda cha Xoriguer wanaipika katika mitambo ya shaba inayochochewa kwa kuni. Kuni! Nikamgeukia binti yangu, naye akawa ameshanielewa.

Kwa sababu, Mhariri, mwongozaji alipochora mtambo ule kwenye ubao, mimi nilimwona mama mmoja jirani yetu wa zamani pale Kadutu. Pipa, kasiksi, yaani pombe ya ndizi, ndani, moto chini, neli inapita kwenye beseni la maji baridi, tone, tone, tone: kanyanga, pombe kali ya kienyeji. Kijana akasema pombe ya kwanza kutoka inaitwa kichwa na hutupwa, katikati ndiyo moyo, mwisho ni mkia. Ni kweli. Vitu vikali vinavyochemka kabla ya alkoholi ya kunywa, ambayo huchemka kwenye nyuzi 78, hutangulia kutoka, kwa hiyo vya mwanzo haviaminiki. Jirani yetu hakusoma kemia lakini kikombe cha kwanza alikimwaga daima, alisema ni cha mababu. Tofauti ni kwamba yeye alikimbizwa na polisi, na wa Mahón sheria za Ulaya zinalilinda jina la pombe yao. Hilo nalitaja tu, silo nililokuja kusema.

Glasi ya pili ilikuwa ya Kiingereza, kali na kavu. Ya tatu ni Gin Mare, inayotengenezwa Vilanova i la Geltrú, si mbali na Barcelona, na ndani yake mna zeituni, rozmari, taimu na rehani. Binti yangu aliipenda. Mimi niliona inanukia mchuzi. Tulipitishiwa pia kisahani cha mreteni zenyewe, vidude vya rangi ya buluu iliyoiva. Ukikiponda kimoja kati ya vidole unasikia harufu ya msonobari. Kumbe si matunda hasa, ni koni ndogo.

Ndipo wakaleta glasi kubwa kama mpira, zimejaa barafu, na chupa za toniki. Kijana akazima taa, akawasha taa ya zambarau, na toniki yote mezani ikawaka buluu. Watu wakapiga makofi. Akasema, hayo ndiyo maajabu ya toniki. Mimi ualimu ukanishinda. Nikasema si maajabu, ni kwinini: inapokea mwanga wa zambarau usioonekana na kuurudisha kama mwanga wa buluu. Mwanasayansi George Stokes, mzaliwa wa Ireland, ndiye aliyelieleza jambo hilo mwaka 1852, akitumia kwinini hiyohiyo. Kimya kikatanda. Kijana hakukasirika, aliniita "Madame le professeur" mpaka mwisho wa jioni.

Kisha akasimulia historia ya uchungu wa toniki. Mti ulitoka milima ya Andes, Peru na nchi za jirani. Wajesuiti wakapeleka maganda Ulaya. Mwaka 1820 Wafaransa Pelletier na Caventou wakaitoa kwinini ndani ya ganda. Askari wa Kiingereza kule India walipewa kwinini dhidi ya homa, ilikuwa chungu mno, wakaichanganya na sukari, maji na jini. Akafika hapo akanyamaza, kama mtu aliyemaliza.

Nikanyoosha mkono. "Na leo inatoka wapi?"

Akafikiri. Akasema labda Amerika Kusini bado, au labda inatengenezwa tu maabara.

Mhariri, kwinini ya kutengeneza maabara tangu mwanzo ni ghali mno. Wanaoiuza huitoa ndani ya ganda la mti mpaka leo. Na mti huo Waholanzi waliupanda Java kutoka mbegu ambazo Mwingereza Charles Ledger aliwauzia mwaka 1865. Aliyezikusanya ni mwenyeji wa asili wa Bolivia, Manuel Incra Mamani, ambaye baadaye alifungwa na kupigwa kwa ajili ya kazi hiyo mpaka akafa. Java ikaulisha ulimwengu. Mwaka 1942 Wajapani walipoishika Java, upande wa pili wa vita ukabaki unatafuta kwinini kwa tochi, na Kongo ya Wabelgiji ilikuwa na miti tayari, hapa Kivu, kwenye udongo wa volkano na ubaridi wetu. Miti imebaki. Kiwanda cha Pharmakina cha hapa Bukavu kimeishi kwa maganda hayo. Kivu ni mojawapo ya sehemu kubwa duniani zinazotoa ganda hilo.

Nilimwambia kijana: inatoka kwa baba yangu.

Palikuwa na mzee Mbelgiji mezani. Alipoona nasema Bukavu akasema, "Costermansville!", jina la mji wetu wakati wa Wabelgiji, kwa furaha ya mtu aliyekutana na jina la utoto wake. Sikuona sababu ya kumsahihisha, alikuwa na miaka zaidi ya 80. Kijana yeye alitoa simu, akatafuta, akasoma kwa sauti kwamba kampuni ya Fever-Tree, ambayo jina lake lenyewe maana yake ni mti wa homa, inasema kwinini yake inatoka Kongo. Chupa mbili za aina hiyo zilikuwa mbele yake tangu mwanzo. Aliandika jambo hilo kwenye daftari lake, na mimi nilimtajia herufi za "Kivu" moja moja.

Ndipo nikanywa. Sitawadanganya kwamba ilikuwa tamu. Lakini uchungu ule haukai mwanzo wa ulimi, unangoja nyuma, halafu unapanda. Nilikuwa naujua. Baba alikuwa akibanjua kipande cha ganda kwa kisu, anakiweka ulimini, anafumba macho, kisha anasema: huu uacheni, au: huu umekomaa. Miti iliyokubaliwa ilikatwa, maganda yakapigwa na nyundo za mti mpaka yaachie, yakaanikwa juani. Aliporudi nyumbani mikono yake ilikuwa michungu. Si mfano, ilikuwa michungu kabisa. Akitumenyea ndizi mbivu, ndizi inakuwa chungu. Mama alimkataza kugusa chakula chetu kabla hajanawa kwa majivu. Kule chini ya ardhi, na fataki zikilia juu, nilikula tena ndizi ya baba.

Na sisi ambao kidonge chochote, hata cha kichwa, tunakiita kinini, tutasemaje kwamba kitu hiki ni cha Wazungu? Jina la dawa ya kwanza iliyoingia midomoni mwetu limekuwa jina la dawa zote. Wajukuu wangu hapa mjini wanaita kinini kila siku na walikuwa hawajawahi kuuona mti. Nimewaonyesha mmoja juzi. Majani yake yakizeeka yanakuwa mekundu, unautambua kwa mbali. Kwenye kilima alichosimamia baba sasa kuna mihogo.

Sasa lile la pili, la malaria, nalo ni la hatari. Marekani inaruhusu miligramu 83 za kwinini katika lita moja ya toniki, si zaidi. Mtu mzima wa kilo 60 anapotibiwa kwa kwinini hupewa miligramu 600 mara tatu kwa siku, kwa siku 7. Fanyeni hesabu, wanafunzi wangu walikuwa wanaifanya: ni karibu lita 22 za toniki kwa siku. Bido ya njano ya lita 20, ile ya kuchotea maji, imejaa, na bado hujamaliza. Kila siku, wiki nzima. Na kama kila glasi imetiwa jini, mbu hatakuwa na haja ya kukuua. Tena hata kwinini yenyewe, inayofanya masikio yalie kama kengele, si dawa ya kwanza tena. Hospitalini siku hizi malaria ya kawaida hutibiwa kwa dawa zenye artemisinini. Kijana mwenye homa asomaye gazeti lenu na kwenda baa badala ya kituo cha afya, mzigo wake utakuwa wa nani?

Naomba mchapishe masahihisho, hata kwa herufi ndogo. Na kama mwandishi wenu anataka kuuona huo mti wa Wazungu, mimi nitampeleka mwenyewe. Aje siku ya kazi, si Jumapili. Avae buti, maana baada ya pale panapoitwa Miti njia inateleza mvua ikinyesha. Toniki nitaleta mimi. Jini aje nayo yeye, na asimwambie mukwe wangu.

Mama mwalimu mstaafu,
Komini ya Ibanda, Bukavu