Mkoba wa Mama na Kikaratasi Changu cha Mwaka 2008

London, Jumapili

Sahibu yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako niliipata Alhamisi na nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa ndani ya treni ya chini ya ardhi. Nimefurahi kusikia kwamba mama alifika Nairobi salama kwa treni na kwamba safari haikumchosha. Kisa cha mkoba wake kukaguliwa stesheni kimenigusa. Namwona kabisa: amesimama pembeni na abiria wenziwe, mizigo yote imepangwa chini safu moja, mbwa wa kunusa anapitishwa juu yake, naye moyo unamdunda kwa sababu mswala wake wa kusalia umo humo na pua ya mbwa haikauki. Sisi tuliolelewa katika madhehebu ya Kiislamu ya Shafi tunajua maana yake, kwamba kitu kikiguswa na unyevu ule kitaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwamba alimwomba askari mswala utolewe ukaguliwe kwa mkono, na yule kijana akamjibu "sawa, mama" na kusubiri autoe kwa utaratibu wake, ni habari njema, nami ninamwombea kijana huyo heri.

Umeandika kwamba ukaguzi ule haukuudhi, kwa kuwa mheshimiwa na mchuuzi hupanga mizigo yao mstari mmoja, tena kwamba mtu asiye na la kuficha hana la kuogopa. Katika neno lako la kwanza tunakubaliana kuliko unavyodhani. La pili ndilo lililonishikisha kalamu, na ili unielewe itanibidi nikusimulie jambo ambalo sijapata kukuandikia miaka yote hii.

Ilikuwa jioni ya Machi 2008, katika stesheni moja ya hapa mjini. Nilikuwa nakwenda kwa dada yangu nikiwa na mkoba wa begani, na ndani yake mlikuwa na kitabu, mwavuli, na bakuli la plastiki lenye visheti ambavyo mke wangu alivikaanga mchana ule. Watu walikuwa wakimiminika kutoka kwenye ngazi, nami nilikuwa katikati yao. Askari wawili wakaninyoshea mkono mimi. Nilipouliza kosa langu, mmoja wao aliniambia kwa upole kabisa kwamba sina kosa na kwamba hahitaji kosa. Aliniomba nifungue koti, akanipapasa mabega na mifuko, kisha akafunua bakuli na kuvichambua visheti kimoja kimoja kwa kidole kilichovaa glavu, mpaka sukari ikamwagika sakafuni. Hakunitukana. Yote yalikwisha kwa dakika kama kumi, na katika dakika hizo niliwaona watu niliopanda nao treni moja wakinipita huku wakitazama kwanza uso wangu, kisha mkoba wangu, kisha wakiongeza mwendo. Mwishoni nilipewa kikaratasi. Penye nafasi ya kuandika sababu paliandikwa nambari ya kifungu cha sheria tu, na chini yake palikuwa na kisanduku kilichotiwa alama kuonyesha kwamba mimi ni Mwafrika mweusi.

Ndugu yangu, sikuwa na la kuficha hata chembe, na bado nilifika kwa dada nikitetemeka mikono. Visheti sikuvitoa. Nilimwambia nimevisahau nyumbani.

Usidhani kwamba nayachukulia mauaji kwa wepesi. Tarehe 7 Julai 2005, watu 52 waliuawa hapa kwa mabomu katika treni tatu na basi moja, na jioni ile nilirudi nyumbani kwa miguu pamoja na maelfu ya wengine, hakuna aliyekuwa akizungumza. Kwa wiki kadhaa nami nilikuwa nikimtazama kila aliyebeba begi. Naijua hofu hiyo, na nyinyi mnaijua zaidi, baada ya mashambulizi ya Westgate mwaka 2013 na Garissa mwaka 2015, ambako watu 148 walikufa, wengi wao wanafunzi. Mtu anayetaka treni zilindwe ana haki ya kusikilizwa.

Ila reli ya mji huu ina ugumu wake. Mwanzoni mwa mwaka 2006 walifanya majaribio ya wiki nne katika stesheni ya Paddington, wakiwapitisha baadhi ya abiria wa treni ya Heathrow kwenye mashine za kumulika mwili na mizigo kama za uwanja wa ndege. Mashine zilifanya kazi. Lakini treni za chini ya ardhi wakati ule zilibeba safari takriban milioni 3 kwa siku, na hakuna mlango unaoweza kukagua umati huo bila mji kusimama. Asipoweza kukaguliwa kila mtu, basi lazima awepo wa kuchagua nani akaguliwe, na hapo ndipo mambo yanapoacha kuhusu mizigo na kuanza kuhusu nyuso.

Kifungu kilichoandikwa katika kikaratasi changu ni cha 44, katika Sheria ya Ugaidi ya mwaka 2000. Kilimruhusu askari mwenye sare kumsimamisha na kumpekua mtu yeyote ndani ya eneo lililoidhinishwa, bila sababu yoyote ya kumshuku, na aliyekataa aliweza kufungwa hadi miezi 6. Idhini haikupaswa kuzidi siku 28, lakini kwa London nzima ilikuwa ikihuishwa kila ilipokwisha tangu mwaka 2001, nasi wenyeji tulikuwa tukiishi ndani yake bila habari. Upekuzi wa aina hiyo katika England na Wales ulikuwa 33,177 katika mwaka wa 2004/2005. Ilipofika 2007/2008, mwaka ulionikuta mimi, ulikuwa umefika 117,278. Watu weusi na wenye asili ya Asia walisimamishwa kupita kiasi cha idadi yao.

Watu wawili, mwanafunzi na mwandishi wa habari, waliosimamishwa chini ya kifungu hicho Septemba 2003 karibu na maonyesho ya silaha mashariki mwa mji, waliipeleka kesi hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu huko Strasbourg baada ya kushindwa katika mahakama zote za hapa. Serikali ilijitetea kwa kusema kwamba upekuzi ule hauna tofauti na ukaguzi wa uwanja wa ndege. Jibu la majaji, katika hukumu ya tarehe 12 Januari 2010, ningependa ulisome taratibu, kwa kuwa linamhusu mama. Walisema kwamba anayekwenda kupanda ndege anajua kwamba atakaguliwa, anaweza kuviacha nyumbani vitu asivyotaka vionekane, na anaweza kugeuka akaondoka bila kuguswa. Anayesimamishwa njiani hana hata moja kati ya hayo. Wakaamua kwamba haki ya faragha ilivunjwa. Kifungu kile kilifutwa mwaka 2012.

Ndiyo maana mbwa wa stesheni yenu hanitii wasiwasi. Mama alijua atakaguliwa, alijua na wenziwe watakaguliwa, na alipokuwa na ombi alikuwapo wa kumsikiliza. Ninachokuomba ukichunge ni kile kinachokuja baada ya mbwa. Tiketi yake ya treni inabeba nambari ya kitambulisho chake, kwa hiyo pana daftari mahali fulani linalojua kila siku aliyosafiri. Nambari hiyo inatunzwa kwa muda gani, na nani anaruhusiwa kuitazama? Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa njia ya kuuliza, na Ibara ya 31 ya Katiba yenu inakupa haki yenyewe. Chunga pia abiria anayeambiwa "wewe njoo kando kidogo" baada ya mizigo yake kupita salama. Mtazame ni nani, jina lake ni la wapi, amevaa nini. Unakumbuka Aprili 2014, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walipozolewa na polisi mtaani Eastleigh, Nairobi, na wengine kupelekwa uwanja wa Kasarani ili vitambulisho vyao vihakikiwe. Hapakuwa na mstari wa mheshimiwa na mchuuzi siku zile.

Ndani ya bahasha hii nimeweka nakala ya kikaratasi changu. Asili yake nimeihifadhi ndani ya kamusi, imekunjwa mara nne, na wino umeanza kufifia. Mpe mwanao anayesomea sheria akisome, hasa ile nafasi ya sababu. Mama mfikishie salamu zangu, na umwambie kwamba safari ijayo mswala auweke juu kabisa ndani ya mkoba, ili asihangaike kuutoa.

Wako daima,
Ndugu yako wa London