Heri ya Purimu, nyie mnaompenda Malkia Esta

Shalom ndugu zangu, Purimu njema kwenu nyote, sikukuu yetu Wayahudi ya kukumbuka Malkia Esta wa Uajemi alivyowaokoa watu wake, kuanzia Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, wa Nabugoye pale karibu na Mbale, walioishika imani hii tangu enzi za Semei Kakungulu mwaka 1919, mpaka mlioko Nairobi na kwingineko.

Msimu huu ukifika lazima nirudie One Night with the King, ile muvi ya 2006 waliyoenda kuipiga Rajasthan, India. Majumba yake jamani! Omar Sharif yumo, na Peter O'Toole anatokea mwanzoni kama nabii Samweli, zile habari za mfalme Agagi, ndo maana ukifika kwa Hamani, mzao wa Agagi na mkuu wa mfalme aliyetaka kuwaangamiza Wayahudi, unaelewa chuki yake ina mizizi ya zamani. Naipenda sana, ila imetanguliza mapenzi ya Esta na mfalme, na mimi moyo wangu uko kwenye sura ya nne ya kitabu chenyewe cha Esta. Binti yatima aliyelelewa na Mordekai anaambiwa aende kwa mfalme kuwaombea Wayahudi wenzake, na kwanza anaogopa, anasema siku thelathini sijaitwa, na anayeingia bila kuitwa anauawa labda mfalme amnyoshee fimbo ya dhahabu. Halafu huyohuyo anatuma neno Wayahudi wote wa Shushani, mji wa mfalme, wafunge siku tatu, usiku na mchana, "nami nikiangamia na niangamie". Yaani nikifika hapo machozi yananitoka kila mara. Na Mungu hajatajwa popote kwenye kitabu hicho, mfalme anakosa tu usingizi usiku mmoja, anaomba asomewe kumbukumbu za ufalme, anakuta Mordekai aliwahi kumwokoa, basi Hamani kaanza kuanguka.

Kwa hiyo mkisoma Megila, yaani gombo la Esta, waacheni watoto wapige kelele mpaka jina la Hamani lisisikike, wavae nguo zao za kifalme, mle mnywe mfurahi. Ila vipawa vya maskini msivisahau, maana Wayahudi wale walikuwa wameshapangiwa tarehe ya kufa, 13 ya mwezi wa Adari, kwa kura ya bahati nasibu, na walipopona Mordekai akawaandikia wapelekeane vyakula na wampe asiye nacho. Mimi hilo ndo linanigusa kuliko hata ile karamu. Vyakula vinapelekwa mchana, so mama zangu na dada zangu mlioko jikoni fungasheni mapema, na mwenye jirani aliyekwama mwezi huu aanze na huyo.

Hag Purim sameah!