Barua ya wazi kwa vijana mnaoingia chuo cha sanaa cha majaribio

Wanangu,

Mnaingia chuo ambacho mchongaji na mcheza dansi hukaa darasa moja, ratiba hubadilika katikati ya muhula, na pengine hakuna atakayewapa alama. Najua nyumbani kuna wazazi wasiopata usingizi wakiwaza mtaishi vipi mkimaliza. Najua pia kati yenu wapo wenye furaha tupu, waliochoka kupangiwa kila kitu tangu shule ya msingi, na sasa wanaona mlango umefunguka. Ninyi wenye furaha ndio ninaowaandikia hasa. Nimefundisha kuchora na kuandaa jukwaa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Nimeona vijana wenye vipaji vinavyolingana wakiingia chuo cha namna hii pamoja, mmoja akatoka msanii, mwenzake akatoka mikono mitupu. Walitofautiana katika jambo moja: wa kwanza alikuwa akijaribu, wa pili alikuwa akifanya alichojisikia.

Jaribio lina swali ndani yake. Ukichukua rangi, kamera na ngoma ukavichanganya kwa kuwa hakuna wa kukukataza, bado hujajaribu kitu. Oskar Schlemmer, mchoraji na mchongaji aliyekuja kuongoza karakana ya jukwaa katika Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu huko Ujerumani, alitaka kujua mwili wa mchezaji unakuwaje ukivishwa maumbo ya kihesabu. Mwaka 1922, mjini Stuttgart, wachezaji walipanda jukwaani wakiwa ndani ya mavazi ya tufe, koni na duara yaliyowanyima mwendo waliouzoea. Kila vazi lilimlazimisha mvaaji atafute namna nyingine ya kutembea, kugeuka na kuinama. Mtazamaji aliliona swali, kisha akaliona jibu likitembea mbele yake. Kwa hiyo kabla hamjagusa chombo chochote, andikeni kwenye daftari mnataka kujua nini. Sentensi moja inatosha. Aliyeshindwa kuiandika aende kwanza akatembee, vifaa vitamsubiri.

Mtapewa mazoezi madogo mno, na baadhi yenu mtaona mnadharauliwa. Naomba mnisikilize hapa kuliko mahali pengine popote katika barua hii. Josef Albers alikuwa mwalimu wa Bauhaus. Mmoja wa wanafunzi wake alisimulia baadaye jinsi mwalimu huyo alivyoingia darasani na furushi la magazeti, akawagawia, akawaagiza watengeneze kitu kinachoiheshimu karatasi na kisichoipoteza, kisha akaondoka. Aliporudi alikuta barakoa, mashua, ngome, wanyama. Akawaambia vitu hivyo vingeweza kutengenezwa vizuri zaidi kwa malighafi nyingine. Kisha akainua kazi iliyoonekana si lolote: karatasi iliyokunjwa tu kwa urefu, basi. Lakini ilikuwa imesimama. Karatasi ambayo siku zote hulala mezani ikionyesha upande mmoja sasa ilionyesha pande zote mbili, na hata kingo zake zikawa na kazi.

Zoezi hilo nami nimelitumia na wanafunzi wangu mara nyingi. Wajenzi wa ngome karibu kila mara huwa ni wale waliosifiwa sana sekondari. Wamezoea kuonyesha wanachokijua, na hilo limewasaidia kufika walipofika. Sasa wanatakiwa kuiacha karatasi iwaonyeshe inachoweza, na jambo hilo huwauma kweli. Nimeona kijana akitokwa machozi kwa sababu ya ukurasa wa gazeti. Wiki chache baadaye kijana huyohuyo alikuwa akikunja, akibana na kukata kwa utulivu ambao sikuwa nimeuona kwake, na michoro yake ikabadilika bila mtu kumfundisha kuchora upya.

Wa maigizo na dansi, kwenu malighafi ni mwili, pumzi na sauti. Mkiambiwa mtembee kutoka ukuta hadi ukuta kwa saa nzima, tembeeni. Mkiambiwa msimame tu, simameni, mchunguze uzito uko mguu gani, shingo imekaza wapi, pumzi inaishia wapi. Anayeruka vizuri jukwaani kwa kawaida alijifunza kwanza kusimama.

Bauhaus ilianzishwa na Walter Gropius mwaka 1919 na ikafungwa mwaka 1933 kwa shinikizo la Wanazi. Mwaka huohuo Albers na mkewe Anni walihamia Marekani, kwenye chuo kichanga katika milima ya North Carolina, Black Mountain College, kilichokuwa kimeanzishwa na John Andrew Rice na wenzake. Kila anayependa vyuo vya majaribio hukitaja chuo hiki, na wengi hutaja uhuru wake tu: hakukuwa na masomo ya lazima, wala wanafunzi hawakuonyeshwa alama. Husahau yaliyobaki. Wanafunzi na walimu walifanya kazi shambani, na walijenga kwa mikono yao jengo la masomo kando ya Lake Eden, ambako chuo kilihamia mwaka 1941. Aliyetaka kuhitimu aliamua mwenyewe kwamba yuko tayari, kisha akapimwa na mtahini aliyeletwa kutoka nje. Hebu fikirini uzito wa jambo hilo: hakuna anayekusukuma, lakini siku ukisema uko tayari, mtu asiyekujua anakuja kuhakikisha. Kama chuo chenu hakina mtahini wa namna hiyo, mtafuteni ninyi. Mwonyesheni kazi zenu mtu asiye rafiki wala mwalimu wenu, walau mara moja kwa mwaka.

Halafu kuna kushindwa. Majira ya joto ya mwaka 1948, mbunifu Buckminster Fuller alifundisha hapo Black Mountain na akataka kujenga kuba kubwa kwa vipande vyembamba vya mapazia ya madirishani. Watu walikusanyika kutazama. Vipande vikaunganishwa, na kuba likakataa kusimama. Likabaki chini limelegea. Mwaka uliofuata Fuller alirudi na kuba jingine, na hilo likasimama. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wazee wamesema, lakini naongeza jambo ambalo wahunzi wanalijua: mtu hulitazama koleo lilivunjikia wapi. Jaribio lenu likianguka mbele za watu, msikimbilie kufuta sakafu na kuanza kitu kingine. Kaeni nalo siku mbili tatu. Andikeni kilichotokea kwa mpangilio wake, dakika kwa dakika mkiweza. Ninaowahurumia sana ni wanafunzi wanaobadilisha mradi kila wiki na kujiita wabunifu, kwa maana hawapati muda wa kujifunza chochote kutokana na kilichowashinda.

Mtaketi pia katika vikao vya kukosoana, na wengi watavichukia. Katika California Institute of the Arts, chuo cha sanaa huko Marekani, Michael Asher alifundisha kwa miaka mingi darasa lililosifika kwa urefu wake: kikao kingeanza asubuhi na kuendelea hadi usiku, wote wakiizunguka kazi moja. Siwashauri mkae njaa, na saa nyingi peke yake haziongezi akili. Lakini kazi inapotazamwa muda mrefu, maneno rahisi huisha. "Nimeipenda" inaisha. "Inanikumbusha kitu fulani" inaisha. Watu wanabaki na kilichopo mbele yao. Zamu yako ya kukosoa ikifika, anza kwa kusema ulichoona, kwa mpangilio: kuna nini, kiko wapi, kinatangulia nini. Hukumu ije baadaye. Zamu yako ya kukosolewa ikifika, nyamaza na uandike. Ukijieleza mapema utawaambia watu waone nini, nawe hutajua kamwe walichokuwa wakikiona. Na akitokea mwalimu anayegeuza kikao kuwa mahali pa kumdhalilisha mtu badala ya kuikosoa kazi, msinyamaze. Semeni, tena semeni kwa pamoja. Ukali juu ya kazi naukubali. Kumvunja kijana utu wake si ufundishaji.

Vukeni mipaka ya idara zenu mapema, kabla hamjapata sifa ya kulinda. Mwaka 1952, katika ukumbi wa chakula wa Black Mountain, mtunzi wa muziki John Cage aliandaa onyesho ambalo mambo mengi yalifanyika kwa wakati mmoja: Merce Cunningham akicheza, David Tudor akipiga piano, mashairi yakisomwa kutoka juu ya ngazi, picha nyeupe za Robert Rauschenberg zikining'inia juu ya watu. Rauschenberg alikuwa bado kijana aliyepita mikononi mwa Albers. Mwaka uliofuata Cunningham aliunda hapohapo kundi lake la dansi, na Rauschenberg akaja kulitengenezea mandhari na mavazi kwa miaka kadhaa. Urafiki wa namna hiyo haupatikani kwa kutafuta wafadhili. Hupatikana kwa mchoraji kushika tochi kwenye mazoezi ya dansi usiku, na kwa mcheza dansi kukubali kuchorwa akiwa amechoka.

Onyesho lile la 1952 halikurekodiwa, na waliokuwapo walisimulia kila mmoja lake, hata juu ya nani alifanya nini. Wako wanaoona uzuri katika hilo. Mimi nasikitika. Nyie wa jukwaani rekodini: filamu, picha, mchoro wa nafasi ya kila mtu, orodha ya taa. Wachoraji wana turubai la kuonyesha miaka mitano baadaye, ninyi mtakuwa na kumbukumbu za watu tu, na hizo hazikai sawa.

Mabinti zangu, neno lenu. Hata vyuo vilivyojiita vipya vilikuwa na mazoea ya zamani. Bauhaus iliwasukuma wanawake wengi kwenye karakana ya ufumaji. Anni Albers alitaka karakana ya vioo, akajikuta kwenye nyuzi. Kwa kazi yake ya kuhitimu alifuma kitambaa cha kufunika kuta za ukumbi, chenye kunyonya sauti upande mmoja na kuakisi mwanga upande wa pili. Mwaka 1949 Museum of Modern Art ya New York ilimfanyia maonyesho ya peke yake. Ninaupenda ukaidi huo, ila sitaki mtu aitumie habari hiyo kuwaambia mkubali mnachosukumiwa. Mwishoni mwa 1971, wanafunzi wa kike wa wasanii Judy Chicago na Miriam Schapiro walichukua nyumba iliyotelekezwa huko Hollywood, wakaikarabati wenyewe, wakageuza vyumba vyake kuwa kazi za sanaa na mahali pa kuigizia. Wengi wao ndipo walipojifunza kutumia zana za useremala. Anayewaambia msumeno wa umeme si wenu, mwombeni awapishe.

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi na bila kupamba. Vyuo vya majaribio hufa. Black Mountain ilifungwa mwaka 1957 kwa ukata. Dartington College of Arts ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1961, iliunganishwa na chuo kingine mwaka 2008 na kuondoka kwenye makao yake mwaka 2010. Kabla ya kulipa ada, ulizeni kwa maandishi: shahada yenu inatambuliwa na nani? Chuo kikifungwa mkiwa njiani, mtahamishiwa wapi? Kama mnakopa, fanyeni hesabu ya marejesho kwa kipato cha msanii anayeanza, si cha yule mnayemwona kwenye majarida. Mwana wa nyumba isiyo na akiba asione aibu kuchukua pia ujuzi wa ualimu, ufundi wa taa au uhariri wa filamu. Kazi hizo zimewaweka wasanii wengi jukwaani na studioni kwa maisha yao yote.

Na anayeniuliza kama elimu hii ina faida kwa mtu mwingine yeyote, namtajia Ruth Asawa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifungiwa kambini Marekani kwa sababu ya asili yake ya Kijapani, na baadaye akashindwa kumaliza ualimu kwa kuwa asili hiyohiyo ilimnyima nafasi ya mazoezi ya kufundisha. Alifika Black Mountain mwaka 1946. Mwaka uliofuata, akiwa Toluca huko Mexico, alijifunza namna ya kufuma vikapu vya waya, na kwa ufundi huo akatengeneza sanamu za waya zinazoning'inia ambazo leo ziko katika makumbusho makubwa. Mwaka 1968 alishiriki kuanzisha warsha ya sanaa katika shule ya msingi mjini San Francisco, wasanii wakifanya kazi na watoto na wazazi wao. Shule ya sekondari ya sanaa mjini humo sasa ina jina lake. Alijifunza kwa wafumaji wa vikapu kwa heshima ileile aliyojifunza nayo kwa Albers, na kisha akarudisha.

Wiki yenu ya kwanza, basi, wafuateni mafundi wa karakana na wa taa kabla ya maprofesa. Jifunzeni majina yao, waulizeni mashine ipi hukata vidole na kamba ipi haibebi mtu. Vaeni barakoa mnaposaga mbao, fungueni madirisha mnapotumia viyeyushi, na msikubali kuruka juu ya sakafu ya saruji eti kwa sababu ukumbi wenye mbao umejaa. Goti la mcheza dansi halina la akiba.

Mkifanya onyesho la kwanza, nialikeni. Nitakaa mpaka mwisho, na mkitaka nitawaambia nilichoona.

Mzee wenu