Barua ya wazi kwa wanafunzi wa kidato cha pili: nichoreeni, kisha mniambie kwa nini

Wajukuu zangu,

Shikamoo zenu nazipokea kila asubuhi mkipita mbele ya baraza yangu, na marahaba nawaitikia. Ila nililonalo leo halisemeki kwa mtu anayekimbilia kengele, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Wiki iliyopita mmoja wenu aliniachia daftari lake la hisabati. Mwandiko safi, mistari imenyooka, uthibitisho wa pembetatu mbili umeandikwa mwanzo hadi mwisho bila kosa. Ila mchoro wake una herufi PQR, na uthibitisho unaizungumzia ABC. Nilicheka, halafu nikasikitika. Mtoto amejibu swali la pembetatu ya mtu mwingine.

Kabla sijawa mwalimu nilibeba zege kwa marehemu baba, fundi mwashi. Siku moja aliniachia nipime msingi wa chumba, futi 12 kwa 10. Nikapigilia vigingi vinne, nikavuta kamba, nikapima: mbele 12, nyuma 12, ubavuni 10 na 10. Nikamwita kwa majivuno. Hakupima upande hata mmoja. Alivuta kamba kutoka kona hadi kona ya mkabala, kisha akafanya vivyo hivyo kwa kona mbili zilizobaki. Zikapishana karibu futi nzima. "Hiki si chumba," akasema, "huu ni mkeka uliovutwa."

Baba aliijua kanuni, kwamba kamba hizo mbili za kona kwa kona zikilingana chumba kimekaa sawa, lakini hakuweza kueleza sababu yake. Hapo ndipo kazi yenu inapoanza. Ziiteni kona za msingi A, B, C na D. Pande zinazotazamana zinalingana, kwa hiyo umbo ni msambamba, yaani umbo la pande nne ambalo pande zinazotazamana ni sambamba, hata kama limelala upande. Sasa tuseme kamba AC na kamba BD zina urefu mmoja. Tazameni pembetatu ABC na pembetatu DCB: AB inalingana na DC, BC ni ya zote mbili, AC inalingana na DB. Pande tatu kwa pande tatu, basi ukiinyanyua moja na kuilaza juu ya nyingine zinaoana kabisa. Kwa hiyo pembe ya B ni sawa na pembe ya C. Na kwa kuwa AB na DC ni sambamba, pembe hizo mbili zikijumlishwa ni nyuzi 180. Zinalingana, jumla 180: kila moja ni 90. Chumba kimekaa skwea.

Rudieni aya hiyo mkiwa na penseli mkononi. Ukiisoma kwa macho tu itakutoka kabla hujafika jikoni.

Ninachowadai ni hicho: kila mstari wa uthibitisho uwe na sababu yake ubavuni, na sababu hiyo uweze kuisema kwa mdomo wako mwenyewe. Sikudai upate zote. Aliyekwama mstari wa tatu akajua kwamba amekwama hapo, huyo namheshimu kuliko aliyenakili kumi. Mkebe uwe na bikari isiyolegea na penseli iliyochongwa. Mchoro uwe mkubwa, theluthi ya ukurasa. Michoro midogo kama punje ya mtama ndiyo inayoficha pembe.

Lipo jambo la lugha, nalo nalisema bila kuona haya. Shule ya msingi mlifundishwa pembetatu pacha, mstatili, mistari sambamba. Mlipofika kidato cha kwanza majina yote yakabadilika kuwa ya Kiingereza, na wengi wakadhani somo ni jipya. Ni lile lile. Kwenye kurasa za mwisho za daftari andikeni majina mapya, kila moja mbele ya lile la zamani. Wakati wa kufikiri, fikirini kwa Kiswahili. Mtihani utaandikwa kwa lugha yake.

Wala msidhani mambo haya ni ya ugenini. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, pale Alexandria, Misri, mtaalamu wa Kigiriki aitwaye Eratosthenes alipima kivuli saa sita mchana, siku ambayo jua lilisimama utosini kule Aswan, kusini mwa Misri. Akapata pembe ya sehemu moja ya 50 ya duara. Kwa kuwa miale ya jua huja sambamba, alitumia pembe zile mnazoziita za herufi Z, akajua kwamba umbali wa miji hiyo miwili ukizidishwa mara 50 ndio mzingo wa dunia. Alihitaji kijiti na sababu.

Wazazi, nanyi neno moja: acheni kuwaambia watoto kwamba hata ninyi hisabati iliwashinda. Na binti akirudi shule, ndoo ya maji ishikwe na kaka yake pia, apate nusu saa ya kukaa na bikari.

Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi, nipo barazani. Njooni watatu watatu, maana mnaobishana mnaelewa haraka. Sitaki ada. Kiingilio ni mchoro mmoja ulioujaribu ukakushinda, na ufutio usiupitishe juu yake: nataka nione ulipoteleza. Kahawa ni ya wazee. Ninyi mtapata kashata.

Babu yenu,
Mwalimu mstaafu wa hisabati, Pangani