Kabla hujaimwaga bia yako chooni

Wiki iliyopita kaka mmoja aliingia dukani kwetu, tunakouza vifaa vya kupikia bia nyumbani, na ndoo tupu, akaitua juu ya kaunta. Hamira tuliyomuuzia ni mbovu, akasema. Bia yake ya kwanza imechacha, lita 20 zote kamwaga chooni, na anataka hela yake. Nikamuuliza imechachaje. Akafungua simu akanionyesha picha: povu la kahawia, madonge kama ukoko yanaelea juu, na mstari wa uchafu umeganda kuzunguka ukuta wa ndoo. Ilikuwa siku ya tatu.

Bia ile ilikuwa nzima kabisa. Madonge yale ni hamira yenyewe ikiwa kazini, pamoja na mabaki ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu. Siku ya saba povu lingeshuka lenyewe, hamira ingelala chini kama tope la rangi ya maziwa, na kaka angekuwa na kreti karibu mbili za chupa.

Lugha yetu nayo inachangia. Wali uliolala ukitoa harufu tunasema umechacha, na pombe ikiiva tunasema imechacha. Ukiniandikia saa tano usiku "bia yangu imechacha", sijui nikupe pole au hongera. Mimi nimekulia Marangu, mama akipika mbege ya ndizi na ulezi, na pale nyumbani mtungi usipotoa povu ndipo watu walipoulizana kuna nini. Ila mtu aliyezoea bia ya kiwandani, iliyochujwa hadi unaona upande wa pili wa glasi, akifunua ndoo yake anaona matapishi. Namwelewa. Lakini hela sikumrudishia, na sababu nilimweleza: hamira zetu zinakaa kwenye friji, tarehe inasomeka, na pakiti ya boksi lile lile nimeipikia mwenyewe.

Harufu ya mayai viza siku za mwanzo? Ni hamira, itapita. Harufu ya tofaa bichi au siagi maana yake hujasubiri vya kutosha. Kipumulio, kile kidude cha kwenye kifuniko kinachotoa gesi bila kuingiza hewa, kimeacha kutoa mapovu siku ya nne, au hakikutoa kabisa? Mara nyingi kifuniko hakijakaza na hewa inapita pembeni. Hapa Arusha mwezi wa saba, chumba kikipoa, hamira inaweza kuchelewa siku nzima kabla hujaona chochote. Na tafadhali usifunue kila asubuhi kuchungulia. Kila ukifunua unaingiza hewa na vumbi, yaani unaalika kile kile unachokiogopa.

Bia iliyoharibika kweli ina sura yake. Juu kunatanda utando mweupe, mkavu, wenye mikunjo, kama ule wa maziwa yaliyochemka yakapoa, na mapovu makubwa yamenaswa chini yake. Ukiona manyoya ya kijani au meusi kama ya mkate uliosahaulika kabatini, huo ni ukungu, mwaga bila kuuliza. Ikinuka siki kali, hewa imeingia na siki ndiyo uliyotengeneza. Nilishawahi kupoteza ndoo mbili mfululizo, mimi ninayewafundisha wengine, nikatafuta mchawi kila mahali. Nilipofungua bomba la ndoo ya kujazia chupa, lile la plastiki ambalo wengi hawajui kama linafunguka, ndani kulikuwa na ute unaoteleza kama bamia. Nje lilikuwa linang'aa.

Ndiyo maana tunapouza ndoo tunalifungua bomba mbele yako na kukuonyesha. Wateja wenye haraka wanaona tunawachelewesha.

Sasa njia za mkato. Dada mmoja wa Usa River aliona dawa yetu ya kuua vijidudu ni ghali, akatumia ile ya kung'arishia nguo nyeupe, tena hakusuuza vizuri. Bia ilitoka na ladha ya plasta ya hospitali. Vijidudu havikuwamo hata kidogo, klorini ilikutana na kimea, na ladha hiyo haiondoki hata ukisubiri mwaka. Mwingine alisugua ndoo kwa steelwaya. Plastiki ikichubuka, kila mchubuko ni chumba cha kulala cha bakteria, na dawa haifiki humo. Tumia sponji laini.

Lakini anayeniumiza zaidi ni yule anayeogopa bia "isije ikaharibika" akawahi kuijaza kwenye chupa. Mzee mmoja alijaza siku ya tano kwa kukisia, kipumulio kilikuwa kimenyamaza. Sukari ilikuwa bado imo, hamira ikaendelea kula ndani ya chupa zilizofungwa. Usiku wa pili kabati la jikoni likaanza kulia kama fataki. Bahati nzuri watoto walikuwa wamelala.

Haidromita yetu, kipimo kinachoelea ndani ya bia na namba yake hushuka kadiri sukari inavyoliwa, ni shilingi 40,000, na kila wiki nasikia kwamba ninaibia watu. Ni kioo, kinatoka nje ya nchi, na baadhi hufika vimevunjika, hasara ni yangu. Ila ndicho kitu pekee ndani ya nyumba kitakachokuambia ukweli. Togwa yako tamu ya kimea ikianza na 1.048, ikashuka hadi 1.012, ikabaki hapo hapo siku tatu bila kusogea, imemaliza, jaza chupa. Ikisoma 1.025, subiri hata kama kipumulio kimekufa. Mzee yule angeipima mara mbili tu, asingenunua chupa nyingine.

Usiyetaka kununua, tuletee tupime. Tunatoza 5,000, tunaangalia kipimo, tunanusa, tunaonja, na ukinunua kitu siku hiyo tunaikata kwenye bei. Kaka wa ndoo tupu aliniambia 5,000 ya kunusa bia ni wizi. Alishamwaga kimea, hopsi na hamira ya 70,000.

Robo lita inatosha, na ichote kwa kitu kilichooshwa na kupigwa dawa. Leta kwenye chupa ya maji ya kunywa iliyosuuzwa, isiwe ya mafuta ya kupikia. Kuna mtu alishaileta hivyo, akasisitiza bia yake ina utando.