Shangazi, kabla hujamwahidi mheshimiwa kura zetu

Shangazi, shikamoo.

Nimesikia chama chenu cha kina mama kimeshaamua. Mheshimiwa mbunge wetu akija atapokewa kwa vigelegele, ataahidiwa muhula mwingine, na wewe ndiwe utakayesema kwa niaba ya wenzako. Sababu uliyonipa kwenye simu ni moja: "Huyu ndiye anayetusomeshea watoto." Nakuandikia hadharani kwa kuwa najua sababu hiyo hiyo inatajwa na kina shangazi wengi, toka Lungalunga hadi Lamu, na kwa kuwa uchaguzi wa Kenya wa tarehe 10 Agosti 2027 utaamuliwa na watu kama wewe, wanaosikilizwa kijijini.

Nianze na hiyo basari, msaada wa karo unaosema anawasomesha nao watoto. Fomu uliyoijaza, ukaipeleka kwa chifu ikapigwa muhuri, ukaambatanisha karatasi ya karo kutoka shuleni, haikuja na pesa za mheshimiwa. Ni pesa za NG-CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneobunge. Mfuko huu ulianza mwaka 2003, na sheria inautengea angalau asilimia 2.5 ya mgao wa serikali kuu katika mapato ya taifa. Maeneobunge yote 290 hupata, la mbunge mchapakazi na la mbunge asiyeonekana, zaidi ya shilingi milioni 100 kila moja kwa mwaka. Hata angechaguliwa mpinzani wake mwaka 2022, pesa hizo zingefika vilevile. Ni ile picha ya mheshimiwa ameshika hundi kubwa ya kadibodi, watoto wamejipanga nyuma yake, inayotufanya tuone kama katoa mfukoni. Zilizomo humo ni kodi zako, Shangazi: za sabuni, za vocha, za nauli ya kila Jumatano unapokwenda sokoni.

Mahakama nazo zimelisema hili. Tarehe 8 Agosti 2022, siku moja kabla ya uchaguzi, Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria ya mfuko huu ya mwaka 2013 ilikuwa kinyume cha Katiba, kwa sababu mbunge hawezi kuwa mtunga sheria, mkaguzi wa serikali na tena msimamizi wa miradi. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema hivyo hivyo kuhusu sheria ya 2015 iliyofuata, ikaagiza mfuko ukome ifikapo 30 Juni 2026. Wabunge walifanya nini? Julai 2025 walipitisha mswada wa kubadilisha Katiba ili mfuko huo uingizwe humo. Jambo kama hilo linataka angalau kura 233, na walizipata na kupita, serikali na upinzani bega kwa bega. Sijaona Bunge hili likiungana namna hiyo kwa ajili ya bei ya unga.

Kazi tuliyomtuma Nairobi ni kupiga kura kwa niaba yetu, na hapo ndipo ninapotaka umpime. Juni 2023 Mswada wa Fedha ulipita kwa kura 184 dhidi ya 88. Humo mlikuwa na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya mafuta, iliyopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Wewe uliiona kwa mwenye bodaboda, kwa mwenye mashua anayeweka petroli kwenye injini, na kwenye kila gunia la unga linalosafirishwa kwa lori. Basari ya shilingi 5,000 huja mara moja kwa mwaka, tena kwa kubahatika. Kodi ya mafuta ni kila siku, na hakuna fomu ya kuikwepa.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Juni 2024, wakapiga kura tena. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipata kura 195 za ndiyo na 106 za la, na kura tatu zikaharibika. Mchana huo huo vijana waliingia Bungeni, wengine wakapigwa risasi barabarani, na siku iliyofuata Rais akakataa kutia sahihi mswada wenyewe. Ukijumlisha kura hizo unapata 304, na Bunge la Taifa lina viti 349. Wabunge zaidi ya 40, basi, hawakupiga kura kabisa siku ambayo nchi nzima ilikuwa imewakodolea macho. Huenda mmoja alikuwa mgonjwa na mwingine safarini. Lakini anayekosekana siku ya kura nzito anapaswa kutueleza alikokuwa, kama vile mwalimu anavyotueleza asipofika darasani.

Orodha ya majina ipo, kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge zinazoitwa Hansadi, kwa kila kura iliyohesabiwa kwa majina. Nasema iliyohesabiwa kwa majina kwa sababu mambo mengi Bungeni huamuliwa kwa sauti tu: Spika anauliza, upande huu unaitikia ndiyo, ule unaitikia la, naye anatangaza aliyosikia yakivuma zaidi. Hapo jina la mtu haliandikwi popote. Kura ya sauti ni maficho mazuri kwa mbunge aliyetuahidi kitu kimoja huku kiranja wa chama akimtaka afanye kingine. Kwa hiyo zile chache zenye majina tuzishike sana.

Sasa nije kwenye leso. Kampeni iliyopita mlipewa leso zenye picha yake, mbili mbili, na vijana wakajaziwa mafuta kwenye pikipiki siku nzima. Nani alilipa? Utafiti wa mwaka 2021 wa Westminster Foundation for Democracy na taasisi ya Kiholanzi ya NIMD ulikadiria kwamba mgombea ubunge nchini Kenya alitumia wastani wa shilingi milioni 18.2 katika uchaguzi wa 2017. Watu wachache mno kwetu wana kiasi hicho kimelala benki. Aliyekuwa hana alikopa, au aliuza shamba, au alipewa na tajiri. Sisemi mheshimiwa wetu alipewa na nani, maana sina ushahidi. Nasema tuna haki ya kuambiwa, kwa sababu tajiri aliyegharimia kampeni ana namba yake ya simu, na siku ya kura atampigia kabla yako.

Sheria ya kumlazimisha aseme ipo tangu 2013, na inataka mgombea atangaze michango na asivuke kiwango kinachowekwa na tume ya uchaguzi. Kabla ya uchaguzi wa 2017 Bunge lenyewe liliisimamisha. Mwaka 2021 tume hiyo, IEBC, ikatangaza viwango vipya, Bunge likazikataa kanuni zake. Tukaingia uchaguzi wa 2022 kila mtu akimwaga alichonacho, na hakuna daftari lililowekwa mezani. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, Shangazi. Wanaotakiwa kubanwa na sheria ndio waliopewa kisu cha kuikata.

Na vipaumbele vyake? Jukwaani alisema hatimiliki za mashamba, korosho, na zahanati. Mbunge anayejali hatimiliki ana njia za kulisukuma jambo: anaweza kuleta mswada wake mwenyewe, kuwasilisha ombi la wananchi, au kumuuliza waziri swali, kwani tangu 2023 mawaziri hufika Bungeni kujibu. Shirika la Mzalendo hutoa kila mwaka orodha ya wabunge waliozungumza na wasiofungua mdomo. Orodha hiyo haipimi kazi ya kwenye kamati, na kuongea sana si kufanya mengi, kwa hiyo sitaki umhukumu kwa hilo peke yake. Ila aliyetuahidi ardhi, akakaa miaka bila kuitaja hata mara moja, hiyo ardhi hakuibeba.

Sikuombi umnyime kura. Huenda ukamuuliza akakujibu vizuri, nami nikamwunga mkono pamoja nawe. Ninachokuomba ni kwamba siku hiyo, kabla ya zawadi kugawanywa, usimame umuulize mambo matatu mbele ya watu. Alipiga kura gani Juni 2023 na Juni 2024? Nani waliochangia kampeni yake? Ataiunga mkono sheria ya kutangaza michango ianze kazi kabla ya Agosti 2027? Akisema atajibu baadaye, mwambie aseme tarehe, na katibu wa chama aiandike kwenye kitabu cha mikutano.

Orodha za kura nitazichapisha nikuletee sikukuu ya Idi, kwa herufi kubwa ili msihangaike na miwani. Mweleze na Mama Mkubwa, maana najua ataniuliza.

Wako mtiifu,
mwana wa kaka yako