Barua ya wazi kwa mheshimiwa aliyekata utepe wa kioski chetu cha maji

Mheshimiwa,

YAH: CHUJIO LILILOSHIBA

Kwa heshima na taadhima naomba uipokee barua hii, ambayo ni ya nne. Tatu zilizotangulia nilizipeleka kwa mkono ofisini kwako, na ninazo nakala zake zikiwa na muhuri wa "IMEPOKELEWA" kwa wino wa buluu unaosomeka vizuri sana. Kwa kuwa kupokelewa ndiko mwisho wa safari ya barua zile, hii nimeona niiache wazi, isomwe na yeyote, huenda akapatikana msomaji aliye karibu nawe kuliko karani wa masjala. Jina lako na cheo chako nimeviacha kwa makusudi, kwani sina nia ya kukuaibisha. Utajitambua kwa utepe, kwa mkasi, na kwa ile nusu glasi ya maji uliyokunywa mbele ya kamera mwaka 2019, ukaahidi kwamba baada ya miezi sita ungerudi kumalizia nusu iliyobaki.

Kilichonifanya nishike kalamu tena kilitokea Jumanne ya wiki iliyopita. Mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akizunguka vijijini kwa ajili ya utafiti wake alifika kioskini akiwa na mita ndogo ya kupimia floraidi, akaniomba nimsaidie kuchota sampuli. Tulichota mbili: moja kutoka kwenye chemchemi, kabla maji hayajaingia katika chujio la kuondoa floraidi, na nyingine kutoka bombani, pale akina mama wanapotega ndoo zao na kulipa shilingi 100. Alipima, akasuuza kipimo, akapima tena, kisha akanitazama kwa soni kana kwamba kosa ni lake. Tofauti ya sampuli hizo mbili ilikuwa ndogo kiasi cha kuweza kuitwa kosa la kipimo, na zote zilizidi mara tatu ya miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kikomo cha maji ya kunywa kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Hata kile kiwango cha miligramu 4, ambacho nchi yetu ilikivumilia kwa miaka mingi kwa sababu ya shida ya maeneo kama haya yetu, kilikuwa kimepitwa. Kwa lugha nyepesi, Mheshimiwa, tunauziwa maji ya chemchemi yaliyozungushwa kidogo.

Sisi tunaoishi kaskazini mwa Mlima Meru hatukusubiri mradi wowote uje kutufundisha habari za floraidi. Mlima ni wa volkano, na maji yanapopenya katika miamba na majivu yake huibeba floraidi na kutuletea. Haina rangi wala harufu, na kwa kiasi kilichomo katika maji yetu ulimi hauwezi kuigundua. Kinachoitambulisha ni meno yenye madoa ya kahawia. Mtu wa huku akifika Dar es Salaam akacheka, anaulizwa papo hapo kama anatoka Arusha. Meno ni ya nje tu. Mwenye kunywa maji haya miaka hamsini anajua habari ya mgongo usioinama na shingo isiyogeuka, na mimi ni mmoja wao, kwani nikiitwa kwa nyuma inanibidi nigeuke mwili mzima kama gari la ng'ombe. Wapo watoto wenye matege ambao hawakuzaliwa nayo. Pamoja na hayo yote, kila kampeni ya afya inayopita hapa hutuhimiza tuchemshe maji. Ushauri huo ni mwema kwa kipindupindu. Floraidi, hata hivyo, si kijidudu: maji yakipungua sufuriani kwa mvuke, floraidi hubaki, na maji yaliyobaki huwa yamekolea zaidi. Ukitia na magadi ili maharage yaive upesi, umejiongezea floraidi nyingine.

Ndiyo maana siku ile ulipokuja tulikupigia vigelegele vya kweli. Mimi ni mwalimu mstaafu wa kemia, na kamati ya maji iliniomba niwaeleze wananchi kilichomo ndani ya yale mapipa mawili ya buluu, kwa sababu neno "nano" lilikuwa limewatia watu wasiwasi. Nilikwenda na sabuni ya mche na kisu. Nilikata mchemraba wa sentimita 1, nikawaonyesha kwamba nyuso zake sita kwa pamoja ni sentimita za mraba 6. Kisha nikaupasua, na kila kisu kilipopita zilifunguka nyuso mbili mpya, ilhali sabuni ilikuwa ile ile. Nikawaambia waendelee kukata kwa mawazo mpaka kila kipande kiwe na upande wa nanomita 1, yaani sehemu moja katika bilioni ya mita, na sabuni hiyo inayokaa kwenye ncha ya kidole itakuwa na nyuso za mita za mraba 6,000, ambazo zinakaribia kuufunika uwanja wa mpira. Floraidi hunaswa kwenye uso wa chembe, kwa hiyo chembe zikiwa ndogo sana, konzi moja ya unga hunasa kile ambacho gunia la kokoto lingekiacha kipite. Bibi mmoja aliniuliza sabuni yangu itarudi lini kuwa mche. Tulicheka, na watu wakakubali kulipia maji ambayo mtoni walikuwa wakiyachota bure.

Naomba uielewe sentensi hiyo ya mwisho kuliko zote. Walikubali kwa sababu yangu. Tangu Jumanne ninaitwa "Mwalimu Nano", na si kwa sifa.

Kipeperushi kilichogawiwa siku ya uzinduzi, ambacho bado ninacho, kinasema kuwa ndani ya mapipa kuna chembe za nano za haidroksiapataiti, madini ya kalsiamu na fosfeti, na kwamba floraidi ikipita hapo huchukua nafasi ya haidroksidi iliyomo kwenye madini hayo na kubaki humo. Maelezo hayo ni sahihi, na wala kanuni yake si ngeni katika mkoa huu. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kilishughulika kwa miaka mingi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huondoa floraidi kwa njia hiyo hiyo, kwa kuwa mfupa wenyewe umejengwa kwa fuwele za nano za madini ya ukoo huo huo. Hapo ndipo usingizi unaponiishia, Mheshimiwa. Chujio likishiba, yaani nafasi hizo zikijaa zote, floraidi haikosi pa kwenda. Inakwenda kuitafuta haidroksiapataiti nyingine, na inaikuta katika meno na mifupa ya anayekunywa. Tangu mapipa yale yashibe, wanaochuja maji ya kijiji hiki ni watoto.

Mjukuu wangu alikuwa anajifunza kutembea siku ulipokata utepe. Mama yake aliapa kwamba huyu hatakunywa maji ya mto kama kaka zake, na hakuvunja kiapo hicho. Hata siku ambazo nyumba haikuwa na shilingi 100 ya ndoo, alikopa. Mwaka jana meno ya mbele ya kudumu yakaota, yakiwa na mistari myeupe kama chokaa na madoa ya kahawia, sawasawa na ya kaka zake waliokunywa bure. Jino hujengwa ndani ya ufizi miaka kadhaa kabla halijaonekana, na floraidi hulitia dosari wakati huo linapojengwa. Kwa hiyo meno yale ni daftari la chujio lenu, na yananiambia kwamba lilishiba mapema mno kuliko ile miaka miwili iliyotajwa kwenye kipeperushi. Mtoto yuko darasa la pili na ameshajifunza kuziba mdomo kwa kiganja anapocheka.

Kwa nini lilishiba mapema? Hapa nakiri kwamba nakisia, maana wenye kujua hawajibu barua. Nadhani uwezo wa chembe zile ulipimwa kwa maji ya maabara, maji safi yaliyotiwa floraidi peke yake, ilhali ya kwetu yana alkali nyingi na bikaboneti nyingi, na vyote hivyo hupunguza uwezo wa chembe kuinasa floraidi. Pengine pia mapipa yalipangiwa kaya chache kuliko zilizojitokeza. Inawezekana fedha za mradi zilikwisha siku picha zilipopigwa, au fundi alihamishwa na funguo zake. Nimesikia yote mawili. Ninachokijua kwa macho yangu ni kwamba chembe zilibadilishwa mara moja tu, mwaka 2021, na zile zilizotolewa zilimwagwa kwenye korongo nyuma ya kioski, mahali mbuzi wanapolisha na maji ya mvua yanapoteremkia mashamba ya nyanya. Niliuliza kama huo ndio utaratibu, nikaambiwa ni udongo tu. Udongo uliokusudiwa kukusanya sumu yetu kwa miaka miwili unaitwa udongo tu! Wanasayansi duniani wanajisumbua kujua chembe za nano zinakwenda wapi zikishatoka kazini, zinafanya nini katika maji na katika viumbe, na sisi tumelimaliza suala hilo kwa koleo.

Nisieleweke vibaya. Siipingi teknolojia hii, na nitakuwa wa mwisho kuipinga. Mkoa huu huu ndio uliomtoa Dkt. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Gongali huko Karatu, ambaye akiwa katika Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru alibuni chujio la mchanga na chembe za nano, na mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza wa tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza, pamoja na pauni 25,000. Mapipa yetu si yake na hayahusiki naye hata kidogo; namtaja kwa sababu siku ya uzinduzi wewe ulimtaja, ukasema kwamba nasi sasa tumo katika zama hizo. Baadhi ya chanjo za UVIKO-19 zilifungwa ndani ya vitone vya mafuta vyenye ukubwa wa nano, na kila dozi ilikuwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, na hakuna muuguzi aliyeruhusiwa kuendelea na chupa iliyopitwa na wakati kwa kuwa bado inaonekana nzima. Chembe zetu nazo zina mwisho wa matumizi. Tofauti ni kwamba pipa lililoshiba na pipa linalofanya kazi hutoa maji yanayofanana kabisa, na asiye na mita hawezi kuyatofautisha.

Halafu kuna hili la kupimwa, ambalo pengine si kosa lako, lakini kwa kuwa unasoma, lisikie. Hatujakosa watafiti. Tumepimwa meno, tumepimwa mkojo, tumepimwa maji ya kisima, ya mto na ya chai iliyokwisha kupikwa. Tumetia sahihi fomu za ridhaa hadi wengine wamezikariri. Vijana hawa ni wema na wana adabu, na wengi wao hupata shahada. Majibu hayarudi. Yule mwanafunzi wa Jumanne ndiye wa kwanza kunisomea tarakimu akiwa bado amesimama kijijini.

Barua zangu zilizopita zilikuwa na maombi mengi, na huenda wingi huo ndio uliowachosha wasaidizi wako. Niliomba chembe zibadilishwe. Niliomba taka za korongoni zizolewe na kupelekwa mahali panapostahili. Niliomba kamati irudishiwe fedha ambazo wananchi wamelipia maji yasiyochujwa, jambo ambalo ningali naliona kuwa la haki, ingawa najua utalicheka. Niliomba mtaalamu aje aeleze, na niliomba chembe zibadilishwe. Naona nimelirudia, basi liwe limerudiwa. Leo nayaweka hayo yote kando, si kwa kuyasamehe, na ninabaki na ombi moja tu, ambalo halihitaji bajeti mpya, wala mfadhili, wala utepe.

Tuma mtu mwenye mita ya floraidi aje kioskini mara moja kila mwezi, apime maji ya bombani mbele ya watu, na aandike tarakimu hiyo kwa chaki ukutani, juu ya dirisha la kulipia, ikiwa na tarehe. Asieleze lolote wala asihutubie. Sisi tutajisomea wenyewe, na mama mwenye shilingi 100 mkononi ataamua kama anaitoa au anarudi nayo. Sehemu ya ukuta nimeshaipaka rangi nyeusi kwa pensheni yangu, na chaki ninazo, zilibaki tangu nilipostaafu. Kinachokosekana ni mita.

Na ile nusu glasi yako ya mwaka 2019 bado inakusubiri. Tutaichota bombani, baada ya kupima.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa kemia,
Kaskazini mwa Mlima Meru

Nakala: Ubao wa matangazo, ofisi ya kijiji